Hasla Jukwaani, Mwombaji Fomuni

Mwezi Agosti 2023 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliingia ofisini mwangu akiwa ameshika simu mkononi. Alikuwa akijaza fomu ya mtandaoni ya kuomba ufadhili wa masomo, chini ya mfumo mpya uliotangazwa Mei mwaka huo. Fomu ilitaka kujua mengi: wazazi wanapata kiasi gani, shule aliyosomea ni ya aina gani, nyumbani wako watu wangapi, wangapi kati yao bado wanasoma. Alikuwa amekwama kwenye nafasi iliyouliza kazi ya mama. Mama yake huuza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara.

"Mwalimu," akaniuliza, "hapa niandike nini? Wakati wa kampeni alikuwa hasla."

Hakuwa akitania. Nilimwambia aandike "biashara ndogo", naye akashukuru na kwenda zake. Swali, hata hivyo, lilibaki ofisini nami. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, mama yake alikuwa mtu wa kuimbwa. Kila jukwaa lilimtaja: mama mboga, mtu wa bodaboda, kijana wa wilbaro. Leo binti yake ametakiwa kuthibitisha, kwa tarakimu na viambatisho, kwamba mama huyo ni maskini wa kutosha. Alipitaje kutoka uimbwaji hadi uthibitishaji? Nani alimvusha, na kwa njia gani?

Ndugu msomaji, makala hii ni jaribio la kulijibu swali hilo. Pia ni ungamo, kwa sababu mimi nami nilishiriki kulijenga daraja alilovushwa.

Katikati ya mwaka 2022 nilisimama mbele ya darasa langu la isimujamii nikasema jambo ambalo leo nalijutia. Nilisema kwamba uchaguzi wa Agosti mwaka huo ulikuwa wa kwanza katika maisha yangu ambapo Wakenya walikuwa wakizungumza kuhusu tabaka badala ya kabila. Niliandika ubaoni maneno mawili, hasla na nasaba, nikayapigia mstari. Niliwaambia wanafunzi kwamba lugha ya siasa ilikuwa imekomaa.

Ili msomaji kijana aielewe furaha yangu, yafaa akumbuke tulikotoka. Mwaka 1965 serikali ya Kenya huru ilichapisha Waraka wa Kikao Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Ndani ya waraka huo ilielezwa kwamba migawanyiko mikali ya kitabaka iliyojulikana Ulaya haikuwa na mfano wake katika jamii ya Kiafrika. Kwa maneno mengine, taifa lilipokuwa changa liliambiwa rasmi kwamba halina matabaka. Mwaka huo huo, katika mkutano wa hadhara Kandara, Rais Jomo Kenyatta alimgeukia Bildad Kaggia, mwenzake wa kifungo tangu kesi ya Kapenguria, aliyekuwa akidai ardhi kwa wasio na ardhi. Alimtajia wafungwa wenzao waliokuwa wamejipatia mali, kisha akamwuliza yeye Kaggia alikuwa amejifanyia nini. Umati uliambiwa umcheke mtu kwa kosa la kutotajirika. Miaka kumi baadaye, Machi 1975, mbunge J. M. Kariuki aliuawa. Yeye ndiye aliyeonya kwamba nchi ilikuwa ikielekea kuwa ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi.

Kutaja tabaka, basi, kulikuwa na gharama. Kabila halikuwa na gharama; kabila lilikuwa mtaji. Ndiyo maana, niliposikia majukwaa ya 2022 yakitaja wenye nacho na wasio nacho bila kumung'unya maneno, nilidhani kizuizi cha mwaka 1965 kilikuwa kimevunjwa.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na kosa langu lilikuwa la mwalimu wa lugha aliyesahau somo lake mwenyewe. Niliisikia nomino, nikasahau kuuliza kitenzi chake.

Kitenzi kunyonya ni kitenzi elekezi. Hakisimami bila yambwa. Ukisema kuna kunyonya, umeshasema kuna anayenyonya na kuna anayenyonywa, na msikilizaji ana haki ya kukuuliza ni nani na ni nani. Maneno mengi tunayotumia kueleza maisha ya kiuchumi yako hivyo, yanakuja mawili mawili: mwajiri na mwajiriwa, mwenye nyumba na mpangaji, mdai na mdaiwa. Ukimtaja mmoja, mwenziwe anatokea mlangoni hata kama hukumwalika.

Sasa tazama kuhasla. Mtu anahasla. Hamhasli mtu, wala hahasliwi na mtu. Ni kitenzi kinachoanza na kuishia kwa mtendaji mwenyewe: ni jasho lake, ni uvumilivu wake, ni kuamka kwake mapema. Neno hasla linamsifu maskini kwa juhudi zake, lakini halisemi kwa nini juhudi hizo hazimtoshi. Linamwacha peke yake na wilbaro yake. Nembo ya chama kilichoshinda ilikuwa hiyo hiyo wilbaro, chombo cha heshima kwa kila anayekila kwacho. Lakini sikumbuki jukwaa lililouliza kwa nini kijana mwenye diploma aishie kusukuma wilbaro, wala mzigo uliomo ndani yake ni wa nani.

Kiswahili kimewahi kuwa na msamiati mwingine, na kwa kuwa lugha yetu ni moja, tunaruhusiwa kuvuka mpaka kuutafuta. Azimio la Arusha la Februari 1967 liligawa watu kwa swali rahisi: nani anaishi kwa jasho lake na nani anaishi kwa jasho la mwingine? Kisha likaweka masharti yanayopimika. Kiongozi wa TANU au wa serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibinafsi, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Sitaki kulipamba Azimio. Katika miaka ya 1970 wakulima walihamishwa kwa nguvu hadi vijijini walikopangiwa, na wafanyakazi walioyachukua maneno ya viongozi kwa dhati wakagoma dhidi ya mameneja walitambua upesi kwamba serikali nayo ni mwajiri asiyependa kusumbuliwa. Hata hivyo maneno yale yalikuwa na meno. Raia angeweza kumtazama kiongozi usoni na kumwuliza nyumba ile ya kupangisha ni ya nani.

Mwaka 1991, kwa kile kinachojulikana kama Azimio la Zanzibar, masharti hayo ya uongozi yalilegezwa. Na katika miaka ya utawala wa John Magufuli, tangu 2015, neno lililosikika mno kutoka kwa viongozi wa chama kilichorithi TANU, ambacho bendera yake ingali na jembe na nyundo, lilikuwa mnyonge. Tutetee wanyonge, tusiwaonee wanyonge. Lakini mnyonge, kama hasla, ni jina la hali. Linatokana na kivumishi, na kivumishi hakimtaji mtu aliyesababisha. Mnyonge anastahili huruma. Hatakiwi kueleza aliyemfikisha pale. Wahenga wenyewe walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hiyo huitwa ya haki, lakini ukiisikiliza vizuri utagundua kwamba imekubali kwanza kuwa atanyongwa.

Kwa hiyo, kutoka mnyonywaji hadi mnyonge, na kutoka mnyonge hadi hasla, neno limekuwa likijitenga hatua kwa hatua na mtendaji. Sikuliona hilo mwaka 2022. Nilidhani tabaka limerudi jukwaani, kumbe kilichorudi ni kivuli chake.

Utaniambia: lakini hasla alikuwa na mpinzani wake, nasaba. Hapo ndipo penye ujanja mkubwa kuliko wote.

Nasaba ilimaanisha familia mbili, ya Kenyatta na ya Odinga. Lakini ukoo si tabaka. Tabaka hujulikana kwa kile ambacho watu wanamiliki na kwa namna umiliki huo unavyowagusa wengine: ardhi, benki, shule, hospitali, mashamba ya chai, zabuni za serikali. Ukoo hujulikana kwa jina la baba. Ukiligeuza tabaka kuwa ukoo, tajiri yeyote ambaye baba yake hakuwa rais wala makamu wa rais anapata ruhusa ya kuketi upande wa maskini. Na wengi waliitumia ruhusa hiyo. William Ruto, aliyekuwa naibu wa rais tangu 2013 na waziri kabla ya hapo, alisimama akasimulia alivyouza kuku kando ya barabara na alivyokwenda shule bila viatu. Sina sababu ya kuitilia shaka hadithi hiyo. Ninachokitilia shaka ni hoja iliyofichwa ndani yake: kwamba aliyewahi kuwa maskini ana maslahi sawa na aliye maskini sasa. Mtu aliyevuka mto kwa mtumbwi anaweza kukusimulia kwa usahihi jinsi maji yalivyo baridi. Hilo halimfanyi akurudishie mtumbwi.

Nisionekane kuegemea upande mmoja. Muungano wa Azimio la Umoja ulikuwa umejipa jina lenye mwangwi wa 1967, lakini ulipofika kwa maskini ulimwahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia milioni mbili zilizo na uhitaji zaidi. Mgombea wake, marehemu Raila Odinga, alikuwa akiitwa Baba. Msaada wa fedha kwa maskini si dhambi, na nchi nyingi huutoa. Lakini tazama picha nzima: upande mmoja ulimwambia maskini kwamba yeye ni mpambanaji, upande wa pili ukamwambia kwamba yeye ni mtoto wa nyumbani. Hakuna upande uliomwambia kwamba yeye ni mdai, kwamba kuna kitu alichochukuliwa na kwamba ana haki ya kukidai.

Na wapiga kura? Ruto alipata kura 7,176,141, Odinga 6,942,930. Ukiitazama ramani ya kura hizo utaona kwamba mama mboga wa Kondele na mama mboga wa Githurai, kwa jumla, hawakupiga kura pamoja. Wote wawili huamka saa zile zile, hununua mboga kwa bei zile zile, hukimbizwa na askari wa kaunti kwa namna ile ile. Msamiati wa tabaka ulipita juu ya ramani ya kabila kama mvua inavyopita juu ya bati. Tena, kati ya watu milioni 22 waliojiandikisha, wasiopiga kura kabisa walikuwa wengi kuliko waliomchagua rais. Hilo ndilo kundi kubwa kuliko yote la uchaguzi ule, na halikupewa jina lolote la kusisimua.

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Ugomvi wa hasla na nasaba ulikuwa wa ndugu. Julai 2024 wanasiasa wa chama cha ODM waliteuliwa kuingia katika Baraza la Mawaziri. Desemba mwaka huo Rais alimtembelea mtangulizi wake, Uhuru Kenyatta, nyumbani kwake Gatundu. Machi 2025 akatia saini mkataba wa ushirikiano na Raila Odinga. Sichukii amani, nchi yetu imeona ya kutosha. Swali langu ni dogo. Kama ni nasaba ndiyo iliyomfukarisha mama mboga, je, siku ile walipokumbatiana, mama mboga alirudishiwa nini? Na kama si nasaba iliyomfukarisha, kwa nini aliambiwa hivyo?

Sasa narudi kwenye fomu ya mwanafunzi wangu, kwa sababu hapo ndipo daraja linapoonekana.

Kwenye jukwaa, maskini alizungumziwa kwa wingi: sisi mahasla, serikali ya mahasla. Baada ya kuapishwa kwa serikali, wingi huo ukavunjwa, mtu mmoja mmoja. Novemba 30, 2022, Hazina ya Hasla ilizinduliwa. Ilikuwa nini? Mkopo wa simu, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, wa kulipwa ndani ya siku 14. Siudharau mkopo wa riba nafuu. Kwa mtu aliyezoea wakopeshaji wa simu wanaonyonga shingo, nafuu ni nafuu. Lakini tafakari maana yake. Tabaka zima lililosimama uwanjani likiimba lilirudi nyumbani kama orodha ya namba za simu, kila namba na deni lake. Ambaye hakulipa alikuwa ameshindwa yeye, si mfumo. Neno hasla lilikuwa limetimiza kazi yake: lilikuwa limemwandaa kuamini kwamba kila kitu ni juhudi ya mtu binafsi.

Bima mpya ya afya ilipoanza Oktoba 2024 ilikuja na mantiki hiyo hiyo. Mwenye mshahara alikatwa asilimia 2.75 ya mapato yake. Asiye na mshahara alitakiwa kujibu maswali kuhusu maisha ya nyumbani kwake ili akadiriwe uwezo wake, kisha alipe ada ya mwaka mzima kwa mkupuo. Vivyo hivyo kwa wanafunzi: mfumo wa ufadhili uliwapanga katika makundi ya uhitaji, na kila mmoja alitakiwa kuuthibitisha umaskini wake peke yake, kwenye skrini ndogo, mara nyingi usiku bando zikiwa nafuu. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba mfumo huo ulikuwa kinyume cha Katiba, na shauri likaendelea katika rufaa. Mimi si mwanasheria. Ninachosema ni kwamba serikali iliyoingia kwa kusema tabaka ndilo kila kitu, ilipoketi ilianza kulitafuta tabaka kwa darubini ndani ya kila nyumba, kana kwamba haikuwahi kukutana nalo.

Ila kulikuwa na mahali pamoja ambapo wingi ulibaki: kwenye kodi. Hapo hakuna aliyeulizwa kama anaweza. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya thamani kwenye mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, na ongezeko hilo halikuwa na haja ya fomu; lilimfikia mtu wa bodaboda kwenye kituo cha mafuta, likamfikia mama mboga kwenye nauli ya gari lililobeba nyanya zake. Kodi ya aina hiyo haiulizi wewe ni nani. Basi kanuni iliyotawala ilikuwa hii: kupokea, kila mtu kwa fomu yake, kutoa, sote kwa pamoja.

Ndiyo maana yaliyotokea Juni 2024 yana uzito kwa mjadala wetu. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza, pamoja na mengine, kutoza mkate kodi ya asilimia 16 na kuanzisha kodi ya kila mwaka kwa magari. Vijana hawakuja na jina la tabaka. Hawakujiita mahasla, jina hilo lilikuwa limeshachakaa midomoni mwao. Walichukua mswada wenyewe, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha nyingine, wakaeleza kwa video fupi kifungu gani kitamgusa nani na fedha zitakwenda wapi. Walisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Kwa macho ya mwalimu wa lugha, walirudisha kitenzi elekezi: nani anatoza, nani anatozwa, nani anatumia. Juni 25 Bunge lilipitisha mswada, waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, risasi zikalia. Kesho yake Rais alikataa kuutia saini. Katika maandamano ya majira yale makumi ya vijana waliuawa. Wengine walikuwa rika la wanafunzi wangu. Siwezi kuandika kuhusu maneno ya kampeni kana kwamba ni mchezo wa semantiki wakati najua bei iliyolipwa na waliojaribu kuyasahihisha.

Mwenzangu mmoja katika idara, mtu ninayemheshimu, ananipinga. Anasema: "Ukilibeza neno hasla, utatupeleka wapi? Utaturudisha kwenye kabila. Afadhali tabaka la uongo kuliko kabila la kweli." Hoja yake ina nguvu, nami nimekaa nayo muda mrefu. Jibu langu ni kwamba tabaka la uongo ndilo linalorudisha kabila. Mtu akiahidiwa kwamba safari hii tunapigania tumbo, kisha akaona tumbo limebaki lile lile, hatasema alidanganywa na neno. Atasema mambo ya tabaka hayana maana, na kwamba heri amrudie mtu wa kwao. Kila neno kubwa linalotumika vibaya linaharibu ardhi ambayo neno hilo lingepandwa. Kizazi kijacho kikitaka kuzungumza kuhusu tabaka kwa dhati, kitakuta watu wamekwisha kulichoka.

Pingamizi la pili ni kwamba kampeni si darasa, na kwamba mgombea anahitaji maneno mepesi. Nakubali. Lakini "nani anamiliki?" ni maneno mepesi. "Nani analipa?" ni maneno mepesi zaidi. Ugumu wake hauko kwenye msamiati. Uko kwa wanaolipia jukwaa.

Na hapa tufike kwenye fedha, kwa sababu hadithi ya mgombea maskini hugharimu pesa nyingi kuisimulia. Tunayo Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi tangu 2013. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi ilichapisha viwango vya juu vya matumizi, Bunge likavikataa. Kwa hiyo helikopta zilizowashusha wasemaji wa mahasla na wasemaji wa mageuzi katika viwanja vya shule zetu ziliruka bila raia kujua ni nani aliyenunua mafuta yake. Jirani yetu Tanzania ana somo la kutufaa. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu wagombea kutoa takrima kwa wapiga kura, kwa kisingizio cha ukarimu wa kijadi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania iliyabatilisha, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba yaliwabagua wagombea wa kipato cha chini. Mahakama ilifanya kile ambacho majukwaa hayafanyi: ilitazama tabaka la mgombea mwenyewe, si tabaka analolisimulia.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Jina jipya la maskini litatungwa. Pengine linatungwa sasa hivi, katika ofisi yenye kiyoyozi. Kabla halijafika, napendekeza tujizoeze maswali matatu, na nawaomba wanafunzi wangu wayaulize hata mbele ya mgombea wanayempenda. Kwanza: neno hilo lina mwenzake? Ukituita jina, mtaje na yule aliye upande wa pili wa jina hilo, si kwa ukoo wake bali kwa anachokimiliki. Pili: ahadi hiyo itatufikia kwa pamoja au mmoja mmoja? Kama ni shule, hospitali, maji, bei ya pembejeo, hayo ni ya pamoja. Kama ni mkopo, tuambiwe ni mkopo. Tatu: nani atapungukiwa ili sisi tuongezewe? Anayeahidi kumwinua aliye chini bila kumgusa yeyote aliye juu hajaahidi kitu. Amesifu tu.

Kwa wanaharakati nina neno moja la ziada. Msiwaachie wagombea kazi ya kutaja matabaka. Vyama vya wafanyakazi, vya wakulima wa chai na miwa, vya wachuuzi na waendesha bodaboda, ndivyo vinavyoweza kutamka "sisi" isiyovunjika siku ya kuapishwa.

Na kwako mtumishi wa umma unayesoma makala hii, pengine kwa siri kidogo: wewe ndiye unayeziandika fomu. Najua sera huzitungi wewe. Lakini unajua, kuliko msemaji yeyote wa jukwaani, ni swali gani lililowekwa ili kusaidia na ni lipi lililowekwa ili kuchosha. Liseme hilo katika vikao unavyoketi. Mimi nami ni mlipwa mshahara wa umma. Tabaka letu, la wenye ofisi na hati za malipo, ndilo huwatafsiria wenye nguvu maneno yao na kuwapa wasio na nguvu nafasi ya kuweka alama. Nililifanya hilo ubaoni mwaka 2022 bila hata kuombwa.

Mwanafunzi yule sasa yuko mwaka wa tatu. Hivi majuzi nilimwuliza habari za mama yake, akanieleza siku yake ilivyo. Huamka saa kumi alfajiri kwenda soko la jumla. Hununua kwa dalali, ambaye alinunua kwa mkulima kwa bei ambayo mama hajawahi kuijua. Hulipa ada ya kaunti kila siku, na bado kanjo humwagia mboga akikaa mahali pasiporuhusiwa, ingawa palipo na wateja ndipo pasiporuhusiwa. Jioni hulipa sehemu ya mkopo wa simu. Mwisho wa mwezi hulipa kodi kwa mwenye nyumba ambaye hajamwona hata mara moja.

Nikahesabu: dalali, kaunti, kanjo, mkopeshaji, mwenye nyumba. Wote hao wamo katika siku ya mwanamke mmoja, na hakuna hata mmoja wao anayeonekana katika neno hasla. Nafasi ile ya fomu iliyouliza kazi ya mama ilikuwa na upana wa maneno mawili, nami ndiye niliyemwambia binti yake aandike "biashara ndogo". Atakayekuja 2027 kumpa mama huyo jina jipya, na amtajie kwanza hao watano.